Chipu ya Kumbukumbu Ikifa: Maswali Matatu Kabla ya Kutupa Mashine



Karibu kila kikundi kilicho na ofisi kina pia kona ya mashine zilizokufa. Hapo utakuta kinanda cha umeme cha miaka ya 1980 au 1990, kompyuta nzito ya rangi ya maziwa, pengine na mashine ya risiti ya duka la zamani. Vingine vilikuja kama zawadi, vingine vilinunuliwa kwa mchango wa wanachama. Siku moja vikagoma. Fundi akaitwa, akafungua, akaangalia, akasema: "Memori imekufa, na chipu hii haitengenezwi tena." Kikao kizima kikanyamaza, kwa sababu hakuna aliyejua la kuuliza.

Pengine fundi amesema kweli. Lakini "haitengenezwi tena" si sawa na "haipatikani". Chipu nyingi za zamani bado ziko, na nyingine zina mbadala unaofanya kazi ile ile. Hatari ni kwamba kikundi kisichojua lolote kinaweza kutupa mashine nzima, au kutoa pesa kwa chipu ambayo itaungua siku ile ile inapowekwa.

Hatutaki kila mwanachama awe fundi. Tunataka mwenyekiti, katibu na mweka hazina waweze kumwuliza fundi maswali matatu, nao waelewe majibu yake:

1. Chipu hii ni ya aina gani?
2. Ilikuwa imebeba nini ndani yake?
3. Ni nini kilichoiua?

Sasa tuyachukue moja moja.

KUMBUKUMBU ZA AINA TATU

Chipu ya kumbukumbu ni kile kipande cheusi chenye miguu ya chuma pande mbili, kama jongoo. Ndani yake kuna vyumba vidogo sana, na kila chumba kinaweka alama moja tu: ndiyo au hapana. Alama hiyo inaitwa biti. Biti 8 zikikaa pamoja zinafanya baiti moja, ambayo inatosha kuweka herufi moja.

Fikirieni darasa la shule. Ukutani kuna ubao wa chaki. Mwalimu anaandika, anafuta, anaandika tena. Chipu ya aina ya kwanza ni kama ubao huo. Mafundi wanaiita RAM. Umeme ukizimwa, yote yaliyoandikwa yanafutika, na hakuna hasara, maana ilikuwa ni hesabu za wakati ule tu.

Mezani kuna kitabu kilichopigwa chapa. Chipu ya aina ya pili ni kama kitabu. Mafundi wanaiita ROM, na ile inayoweza kuandikwa upya wanaiita EPROM. Ndani yake mna maagizo ya mashine yenyewe: namna ya kuamka, namna ya kusoma vitufe, namna ya kutoa sauti. Umeme ukizimwa, maneno yanabaki.

Aina ya tatu ni ubao wa chaki unaolindwa na askari ili usifutwe usiku. Askari huyo ni betri ndogo. Mashine ikizimwa, betri inaendelea kutoa umeme kidogo sana, na maandishi yanabaki. Betri ikiisha, yanafutika yote.

Tofauti hii ndiyo mzizi wa jambo lote. Ubao wa chaki ukivunjika, nunua ubao mwingine mtupu, kazi itaendelea. Kitabu kikiungua, daftari tupu halitakusaidia hata kama ni la ukubwa ule ule. Ni lazima upate nakala ya maneno. Kwa hiyo fundi akisema "memori imekufa", mwulizeni kwanza: ni ubao, ni kitabu, au ni askari aliyelala?

KWA NINI HAZITENGENEZWI

Mwaka 1970 kampuni ya Intel ya Marekani ilitoa chipu ya RAM iliyoitwa 1103. Ilibeba biti 1,024 tu. Mwaka 1976 ikatoka 4116 ya kampuni ya Mostek, yenye biti 16,384. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 zikaenea 4164 zenye biti 65,536, baadaye 41256 zenye mara nne ya hizo. Kila kizazi kilipokuja, viwanda viliacha cha nyuma, kwa sababu hakuna mwenye kiwanda atakayetengeneza debe dogo wakati wateja wote wanataka pipa.

Basi, nyingi za chipu hizo za zamani zinazopatikana leo zimetoka mahali pawili: mabaki ya maghala ya zamani, na mashine nyingine zilizofunguliwa. Ndiyo maana kusoma namba vizuri ni muhimu kuliko kwenda dukani haraka.

KUSOMA MGONGO WA CHIPU

Juu ya chipu kuna maandishi madogo. Futeni vumbi, wekeni taa kwa upande, na mpige picha kwa simu. Mara nyingi mtaona mistari miwili.

Wacha tuseme mstari mmoja unasema HM6116LP-3. Herufi za mbele ni alama ya mtengenezaji. Namba 6116 ndiyo aina yenyewe, na hiyo ndiyo ya kutafuta. Watengenezaji wengi walitoa 6116, kila mmoja kwa herufi zake, na kwa kawaida moja inaweza kukaa mahali pa nyingine. Mkia wa mwisho unaonyesha mwendo. Hapo mjihadhari: kwa chipu nyingine mkia wa -15 una maana ya sehemu 150 za bilioni ya sekunde, lakini -3 ni cheo tu alichopanga mtengenezaji, na lazima fundi atazame karatasi ya maelezo ya chipu hiyo. Kanuni ya jumla ni hii: yenye mwendo wa kasi zaidi huweza kuchukua nafasi ya ile ya pole, lakini ya pole isiwekwe mahali pa yenye kasi.

Mstari wa pili unaweza kusema 8432. Wengi hudhani hiyo ndiyo namba ya chipu, wakaenda dukani kuuliza "8432" na kurudi mikono mitupu. Kumbe ni tarehe: wiki ya 32 ya mwaka 1984.

Kwa chipu za EPROM zinazoanza na 27, namba inayofuata ni ukubwa kwa kilobiti. Gawanya kwa 8 upate kilobaiti. 2764 ni 64 gawa kwa 8, yaani kilobaiti 8. 27256 ni kilobaiti 32. Hesabu hii hata mwanafunzi wa darasa la nne anaweza kuifanyia kikundi.

Halafu hesabuni miguu. 2716 na 2732 zina miguu 24, lakini 2764 na kubwa zake hadi 27512 zina miguu 28. Tazameni pia ile alama ya kitundu au mkato kwenye ncha moja. Hiyo inaonyesha kichwa cha chipu. Ikigeuzwa kichwa chini, umeme unapita njia mbaya na chipu inakufa papo hapo.

Na hata namba ikifanana, ulizeni tena. Texas Instruments walitoa chipu yao TMS2716 inayotaka umeme wa aina tatu, wakati 2716 ya Intel na za wengine inataka volti 5 tu. Ile ya Texas Instruments iliyo sawa na 2716 ya kawaida inaitwa TMS2516. Majina ni ya ndugu, tabia ni mbalimbali.

MFANO WA KOMPYUTA MOJA

Tuchukue mfano mmoja unaojulikana sana kwa watu wanaotengeneza kompyuta za zamani. Mwaka 1982 kampuni ya Sinclair ya Uingereza ilitoa kompyuta ndogo ya nyumbani iitwayo ZX Spectrum. Kule Ulaya watu wengi bado wanazitunza na kuzirekebisha, na yale waliyojifunza yanafaa kwa mashine yoyote ya wakati ule.

Spectrum ya kilobaiti 48 ina sehemu mbili za RAM. Sehemu ya kwanza, kilobaiti 16, imeundwa kwa chipu nane za 4116. Chipu hii ni ya kizazi kilichotaka umeme wa aina tatu kwa pamoja: volti 12, volti 5, na volti 5 za upande wa hasi. Ile ya hasi ikikatika huku volti 12 zinaendelea kuingia, chipu hupata joto na kufa. Katika Spectrum hili hutokea pale sehemu ya kutengeneza umeme ndani ya bodi inapoharibika.

Hapa ndipo swali la tatu linapoonyesha faida yake. Fundi wa haraka atang'oa chipu zilizokufa na kuweka nyingine. Kwa kuwa ule umeme wa hasi bado haupo, hizo mpya nazo zitakufa. Kikundi kitalipa mara mbili na kulaumu muuzaji. Fundi mzuri atapima umeme kwanza kwa mita, kabla hata ya kuagiza kitu. Nyoka akiwa bado yuko kwenye banda, hakuna haja ya kununua vifaranga wengine.

Swali linalofuata: kwa kuwa 4116 ni adimu, je, tunaweza kuweka 4164, ambayo inapatikana kwa urahisi zaidi? Zote zina miguu 16, na kwa macho ni sawa. Lakini mguu wa 8 katika 4116 unapokea volti 12, na katika 4164 mguu huo huo unataka volti 5. Ukiichomeka hivi hivi, unaiunguza. Inawezekana tu ikiwa fundi amebadilisha njia za umeme kwenye bodi: mguu wa 8 upewe volti 5, mguu wa 1 ukatwe ule umeme wa hasi, na mguu wa 9, ambao katika 4164 ni njia ya anwani, uunganishwe mahali salama. Kazi hiyo imefanywa mara nyingi na inafaa. Ina faida nyingine pia, kwamba mashine haitegemei tena umeme wa aina tatu.

Sehemu ya pili ya Spectrum, kilobaiti 32, ina hadithi yake. Mtengenezaji alitumia chipu za 4532. Hizi kwa kweli zilikuwa chipu za biti 65,536 ambazo nusu moja ilikuwa na kasoro kutoka kiwandani, zikauzwa kwa bei nafuu ili ile nusu nzima itumike. Leo mwenye kutafuta 4532 anahangaika bure, maana 4164 nzima inaweza kukaa pale pale: nusu yoyote itakayoombwa iko.

Kuna jambo moja la kuangalia. RAM ya aina hii ni kama mitungi inayovuja. Ni lazima mashine ipite kila baada ya muda mfupi sana kuijaza tena, mstari kwa mstari, la sivyo inasahau. Chipu kuu ya Spectrum, iitwayo Z80, huhesabu mistari 128 tu. 4164 za watengenezaji wengine zinataka mistari 256. Hizo zikiwekwa, mashine inaweza kuwaka vizuri halafu ikachanganyikiwa. Kwa hiyo mwambieni muuzaji mnataka ile ya mistari 128.

ASKARI ALIYELALA: BETRI

Kwa vikundi vyetu, hasa vyenye vinanda, hapa ndipo tatizo mara nyingi lilipo. Chipu haijafa. Betri ndiyo imekwisha.

Vinanda kama Yamaha DX7 ya mwaka 1983 na Korg M1 ya mwaka 1988 huweka sauti zao katika ubao wa chaki unaolindwa na betri ya volti 3. Betri ikizeeka, mtu anawasha kinanda na kupata majina yaliyovurugika na sauti za ajabu ajabu, au kimya. Watu husema kinanda kimeharibika kabisa. Kumbe kinataka betri moja, na sauti zake kuandikwa upya.

Lakini sikilizeni vizuri. Betri hizo haziwekwi kama za tochi. Mara nyingi zimelehemiwa kwenye bodi. Na fundi akiitoa, sauti zilizokuwamo zinafutika. Kwa hiyo, kama kinanda bado kinafanya kazi, nakili sauti kwanza, kwa nyaya za MIDI kwenda kwenye kompyuta au kwa kadi yake, halafu ndipo betri iguswe. DX7 ina namna ya kuonyesha yenyewe nguvu ya betri yake kwenye kioo. Itazameni mara moja kwa mwaka. Na fundi anapoweka betri mpya, mwambieni aweke kishikio, ili siku nyingine kusiwe na haja ya kulehemu.

Kwa kompyuta za miaka ya 1980 na mwanzo wa 1990, betri ina ubaya mwingine. Nyingi zilikuwa na betri ya kuchajiwa yenye umbo la pipa dogo, iliyolehemiwa kwenye bodi. Ikizeeka inavuja maji makali ya kijani na kula njia za shaba, pamoja na miguu ya chipu zilizo karibu. Kama mashine yenu iko stoo, iondoeni betri hiyo hata kabla hamjaamua kuitengeneza. Mahali palipoingia maji hayo pasafishwe kwa siki kidogo na mswaki wa zamani, kisha kwa maji safi au spiriti, na bodi iachwe ikauke kabisa.

Kompyuta nyingine hazina betri ya kuonekana. Zina kipande kinene cheusi kinachoitwa DS1287, ambacho ni saa, kumbukumbu na betri ndani ya mwili mmoja. Mtengenezaji aliahidi zaidi ya miaka kumi, na miaka hiyo imepita zamani. Chipu ya DS12887 hukaa mahali pake. Msikubali kilichotolewa kwenye mashine nyingine ya zamani, kwa sababu betri yake nayo ni ya umri ule ule.

KITABU: KUOKOA MANENO KABLA HAYAJAFUTIKA

EPROM ilivumbuliwa na Dov Frohman katika kampuni ya Intel mwaka 1971. Mtaitambua kwa kidirisha cha kioo juu ya mgongo wake, mara nyingi kikiwa kimefunikwa kwa karatasi ya gundi. Kidirisha hicho si urembo. Maandishi yake hufutwa kwa mwanga mkali wa urujuanimno. Watengenezaji wenyewe walionya kwamba jua la moja kwa moja linaweza kufuta EPROM kwa muda wa wiki moja hivi, na taa za mirija kwa miaka mitatu hivi. Basi msibandue karatasi hiyo ili kuona kilichomo, na bodi iliyofunguliwa isianikwe juani kama mahindi.

Hata gizani, maandishi ya EPROM hayadumu milele. Ni umeme uliofungiwa, na unavuja polepole kwa miongo ya miaka. Ndiyo maana tunasisitiza: mnakili kitabu wakati bado kinasomeka. Mafundi wa kompyuta wana kifaa kidogo cha kusoma na kuandika chipu. Chipu inatolewa, inasomwa, maneno yanahifadhiwa kwenye kompyuta. Isomwe mara tatu, na masomo yote matatu yalinganishwe. Yakitofautiana, chipu imeanza kuchoka au miguu ina kutu. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Nakala hiyo ndiyo daftari lenyewe.

Mkiwa na nakala, kuandika chipu nyingine si kazi ngumu. Mkikosa ukubwa ule ule, kikubwa zaidi kinaweza kusaidia. Mahali pa 2764 panaweza kukaa 27256, mradi fundi aandike maneno yale yale mara nne kujaza chipu yote, ili mashine ikisoma sehemu yoyote iyakute. Zipo pia chipu zinazofutwa kwa umeme bila kuhitaji taa, kama 28C64 ya kilobaiti 8, nazo zinafaa mahali pengi pa 2764 fundi akihakikisha miguu.

Onyo moja kwa fundi: chipu za 2716 ziliandikwa kwa volti 25, zilizofuata kwa 21, na 27C256 kwa 12.5. Mpya ikipewa volti za zamani, inaungua kabla hata ya kufika kwenye mashine.

Kama kitabu kimeshakufa na hakuna nakala, basi tafuteni mwenye mashine ya aina ile ile inayofanya kazi, asomewe chipu yake. Hapo ujirani una thamani kuliko duka.

WAPI PA KUTAFUTA

Kwanza, angalieni kona yenu wenyewe. Kompyuta za zamani, printa na modemu zina chipu za 4164, 41256, 6264 na 27256. Mashine iliyokufa kwa sababu nyingine inaweza kuponya ile inayofaa. Msiuze chuma chakavu kabla fundi hajaangalia.

Pili, maduka ya spea za umeme mjini. Nairobi, wengi huenda Luthuli Avenue na River Road. Nendeni na chipu yenyewe au picha yake, si kwa maneno ya mdomo.

Tatu, kuna kuagiza kutoka ng'ambo kwa intaneti. Hapa walaghai ni wengi. Wanachukua chipu ya bei ya chini, wanakwangua mgongo, wanapaka rangi nyeusi na kuandika namba mpya. Dalili zake ni hizi: mgongo unang'aa lakini miguu ina alama za risasi ya zamani, kile kitundu cha kichwa kimezibwa na rangi, tarehe haiwezekani, kama vile 4116 inayodai kutengenezwa mwaka 2015. Pamba yenye asetoni, ile dawa ya kuondolea rangi ya kucha, ikipitishwa mgongoni ikatoka nyeusi, hiyo ni ya kughushi. Agizeni chache kwanza, zijaribiwe, ndipo muagize zaidi. Rahisi ni ghali.

HATUA ZA KUFUATA

1. Kikao kiamue kwanza kama mashine inastahili. Itafanya kazi gani? Itaingiza nini, au itaokoa gharama gani? Kama hakuna jibu, hata chipu ya bure ni hasara.

2. Mashine ichomolewe kwenye umeme kabla ya kufunguliwa. Volti 240 haziulizi umri wa mtu.

3. Pigeni picha bodi yote na kila chipu. Picha zikae na katibu.

4. Fundi apime umeme wa ndani. Kama si sawa, hapo ndipo pa kuanzia. Kisha aguse chipu kwa uangalifu: ile iliyo moto sana kuliko wenzake ina kesi ya kujibu.

5. Kila kitabu na kila sauti inakiliwe kabla ya kitu chochote kuondolewa.

6. Chipu ikitolewa, mahali pake pawekwe soketi. Siku nyingine itabadilishwa bila moto.

7. Anayeshika chipu aguse kwanza chuma kilichounganishwa na ardhi, na asivae sweta ya nailoni. Ile cheche ndogo ya wakati wa kiangazi inatosha kuua chipu bila mtu kuiona.

8. Fundi alipwe sehemu kwanza, na salio baada ya mashine kufanya kazi siku kadhaa mbele ya wanachama. Chipu za zamani zirudishwe kwa kikundi, ili mjue kweli zilibadilishwa.

9. Namba za chipu, tarehe na bei viandikwe katika daftari la mali.

Neno moja juu ya afya. Risasi ya kulehemu ya zamani ina sumu. Kazi ifanyike penye hewa, si jikoni, na mikono ioshwe kabla ya kula. Bodi zisizofaa zisichomwe moto ili kupata shaba. Moshi wake unaingia kwenye vifua vya watoto wenu. Zikusanyeni mahali pamoja na mzipeleke kwa wanaopokea taka za umeme.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

- Katika stoo yetu kuna mashine gani ambazo hazijawahi kufunguliwa? Ni ipi yenye betri inayoweza kuvuja sasa hivi?
- Kinanda au kompyuta yetu inayofanya kazi ina nakala ya yaliyomo? Nani anaitunza, na iko wapi?
- Mara ya mwisho tulipomlipa fundi, tulimwuliza kilichoua ile spea?
- Ni kijana gani kati yetu anayependa kazi hii, na tunaweza kumsaidia vipi ajifunze kupima na kulehemu?

Kikundi kinachoweza kujibu swali la pili leo tayari kimejiepusha na hasara kubwa. Chipu tupu inaweza kutafutwa hata mwakani. Maneno yaliyofutika bila nakala, hakuna duka linaloyauza.